Bibi Aliyekataa Tufute Simu

Juzi nilipigiwa simu kutoka Balangdalalu, nikaambiwa bibi amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi hawamjui, kwa sababu sikuwahi kuandika habari zake. Niliona aibu, na leo nitasema ni aibu ya nini.

Bibi huyu aliongoza baraza la akina mama wa Kidatoga, lile ambalo mwanaume akimkosea mwanamke huitwa, huhukumiwa na kutozwa dume la ng'ombe. Asubuhi moja alinikuta nyumbani kwangu Nangwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anahema, akafungua fundo la shuka na kuweka simu mezani. Binti wa jirani yake, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa amerubuniwa mtandaoni na mtu asiyemjua mpaka akamtumia picha za kumwaibisha. Sasa mtu huyo alitaka nyingine kabla ya jioni, la sivyo kijiji kizima kitaziona. Baba alipogundua, alimchapa binti, akataka kuivunja simu. Bibi akamnyang'anya.

"Mwalimu, huyu hana boma," aliniambia. "Akina mama tumwendee wapi?"

Simu ikatetemeka mezani, tukashtuka wote wawili. Nakiri nilichosema: "Futeni kila kitu, bibi, mtoto apumzike."

Akaivuta simu upande wake. "Tukifuta hapa, na kule kwake zinafutika?"

Mimi msomi, mwandishi wa magazetini, nilikuwa tayari kumfutia mhalifu ushahidi ili tu nisione aibu. Tulikwenda polisi Katesh, kwenye dawati la jinsia na watoto, simu ikitetemeka mapajani mwa bibi njia nzima nami nikiogopa chaji itaisha. Askari alituambia tusimjibu, tusifute, wala tusimrushie mtu picha hizo hata kwa nia ya kuonya, maana anayezisambaza naye ana kosa. Jioni ile ilipita bila picha kuonekana kijijini, nayo ilikuwa ndefu. Baadaye mtu yule alikamatwa mkoa mwingine, akahukumiwa kifungo chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao.

Baraza la akina mama nalo lilikaa. Walimtoza dume baba wa binti. Nilimuuliza bibi kwa nini yeye.

"Wa kwenye simu ni wa serikali. Baba yake ni wetu. Mtoto alinyamaza wiki tatu kwa kuogopa fimbo yake."

Kila tukisikia habari za namna hii tunadai adhabu ziongezwe, na mimi nadai kwa sauti kubwa. Lakini kifungo kirefu namna gani kitamsaidia mtoto anayemwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa mhalifu? Sheria husubiri mtoto aseme, na wa kwanza kuambiwa ni sisi wa nyumbani.

Mazishini baba wa binti yule alinifuata, akanishika mkono.

"Mwalimu, mwezi uliopita mdogo wa binti yangu yule naye alitumiwa ujumbe na mtu asiyemjua," alisema. "Alikuja kuniambia mimi. Siku hiyo hiyo."