Tumbo la Dalali Nunow

Nunow alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Garissa, enzi zile serikali ilipokuwa bado ya Mwingereza. Ujana wake wote ulipita nyuma ya ngamia, mwembamba kama vijana wenzake wa malishoni, leo anakula nyama, kesho anakunywa maji na kusema alhamdulillahi. Aliposhuka mjini na kuingia kwenye udalali, tumbo likaanza kumtangulia. Hakulitafuta, lilikuja na kazi. Muuzaji alimwita kwenye chai ya maziwa, mnunuzi akamwita kwenye nyama, na aliyeshindwa bei alimwita vilevile ili siku nyingine asisahauliwe.

Udalali wa huko haufanywi kwa kelele. Watu wawili hushikana mikono chini ya shuka, vidole ndivyo vinavyotaja bei, na waliosimama kando huona kitambaa kikitikisika tu. Mkono wa Nunow ulisifiwa kwa upole: haukubana wala haukuharakisha. Tumbo lake lilisifiwa zaidi. Mfugaji aliyetoka mbali akiliona alijisemea kwamba mtu aliyeshiba namna hii hana haja ya kumdhulumu.

Shida ilianzia msikitini. Alipokwenda kusujudu tumbo lilifika chini kabla ya paji la uso, na kuinuka kukawa safari. Ijumaa moja alichelewa kuinuka mpaka mtu wa safu ya nyuma akamshika kiuno, akidhani amezirai. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma. Wangecheka, angecheka nao.

Haukupita muda akaja mchuuzi wa dawa aitwaye Keynan, mtu wa maneno laini, aliyepanda lori la mizigo kutoka pwani. Alikuwa na unga wa kijani kwenye chupa zilizozibwa kwa nta. Alieleza kwamba unga huo huyeyusha mafuta ya tumbo kama jua linavyoyeyusha samli, mwenyewe amekaa zake kivulini, bila kujinyima kitu. Nunow akatoa mbuzi wa maziwa, akapewa chupa za kumtosha.

Mkewe, Habibo, alichovya kidole, akaonja, akatema. Akasema hiyo ni sanamaki, majani yale yale yanayoota ovyo malishoni, ambayo mama yake aliwachemshia kila walipofunga choo.

"Baba Shukri," akamwambia, "umetoa mbuzi mzima ili ununue kuhara?"

Nunow alimjibu kwamba sanamaki ya porini haiji kwenye chupa.

Akaanza kunywa. Unga ulifanya kazi, ila si ile aliyoitaja mchuuzi. Kabla jua halijapanda vizuri, Nunow alikuwa ameshauacha mnada na kukimbilia vichakani na birika lake la maji, akarudi, akakimbia tena. Vichaka vyenyewe havikuwa karibu. Nyama za kualikwa alianza kuzikataa, maana alijua zitamwaibisha mbele za watu. Jioni alikunywa maziwa kidogo, akalala. Kwa mwendo huo tumbo likapungua kweli, naye akawa anaiangalia chupa kwa heshima. Habibo alipomwambia kwamba hata fahali, akinyimwa majani na kukimbizwa kutwa, atakonda bila dawa ya mtu, alimjibu kuwa wanawake hawapendi kuamini utaalamu.

Baada ya miezi michache kikoi kilimzunguka mara mbili. Alisujudu na kuinuka kama kijana. Akakaa kusubiri pongezi.

Badala ya pongezi walikuja wazee wa ukoo kumjulia hali, wakiwa wamebeba mkia wa kondoo wenye mafuta, chakula cha mgonjwa. Walimuuliza usingizi unakujaje, na kama usiku hutokwa na jasho. Mmoja akamuuliza kwa upole mkubwa kama watoto wameshaambiwa. Walipoondoka ndipo Habibo alipomfumbulia: mji mzima unasema ana kifua kikuu. Ushahidi haukukosekana. Amekonda, hataki kula na wenzake, hujitenga vichakani peke yake, na hurudi amelowa jasho.

Siku ya mnada alimwendea Korane, mfugaji wa upande wa Wajir aliyemletea ng'ombe tangu zamani. Akatandaza shuka juu ya mkono wake kama kawaida. Korane alirudi nyuma kidogo, akasema leo waongee kwa mdomo tu kwa sababu vidole vinamuuma. Muda si mrefu Nunow akaviona vidole vile vile vikiingia chini ya shuka ya Guleid, dalali aliyekuwa akishindana naye, navyo vilikunjuka na kukunjwa bila maumivu yoyote.

Nunow akaamua kuimaliza fitina kwa kwenda hospitali ya serikali. Dresa, yule mhudumu wa kutibu wagonjwa, alimsikiliza kifua, akamkohoza, akamwambia mapafu yake ni mazima, kisha akamuuliza ni kitu gani anachokunywa kinachomkausha maji mwilini. Alipotajiwa, akamwagiza aache. Nunow alitoka pale kwa furaha, mlango wa mbele, kichwa juu. Bahati mbaya ilikuwa siku ya soko, njia imejaa watu. Wale wachache waliokuwa bado na shaka walimwona akitoka hospitali, na shaka yao ikaisha.

Habibo akazimwaga chupa nyuma ya zizi, na Nunow hakuuliza zimekwenda wapi. Akamwekea maziwa ya ngamia, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, na mchuzi wa mkia wa kondoo. Nunow alikula kama mtu aliyepewa zamu ya kazi. Mvua zilipoanza, tumbo lilikuwa limerudi, tena limezidi. Korane ndiye aliyekuwa wa kwanza kumletea mkono sokoni, mzima kabisa, akimshukuru Mungu kwa kumponya rafiki yake.

Biashara ikarudi, na nyuma yake wakaja wenye shida. Mama mmoja mtu mzima, Ardo, alifika nyumbani akiwa na huzuni ya mkwewe aliyekonda. Alitaka dawa iliyomrudisha Nunow kutoka mlangoni mwa kaburi.

"Sikunywa dawa, eedo," Nunow alimwambia, akimwita shangazi kwa heshima. "Nilikula tu."

"Kila mtu anakula, Nunow."

Alitaka kumweleza yote: kwamba hakuwahi kuumwa, kwamba alilipa kwa hiari yake ili apungue, katika nchi ambako watu humwomba Mungu unono. Lakini aliiona mifupa ya mabega ya mama yule chini ya shali. Akarudia habari ya nyama na maziwa.

Ardo aliinuka, akajitanda vizuri. Mlangoni alimwambia Habibo kwamba watu wakishapona huwa wachoyo. Siku chache baadaye habari zikafika kuwa amemtuma mtu mpaka Isiolo kutafuta dawa ya Nunow, ile ya kweli, anayoificha.