Doa Lililosuguliwa Kilolo

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mbeya, mkuu wa taaluma alinikabidhi chaki akaniambia fizikia ni kufaulisha, mengine ni mbwembwe. Nilifundisha hivyo miaka mingi, hadi nikahamishiwa Kilolo na kukuta stoo darubini ya msaada ambayo hakuna aliyewahi kuifungua.

Darubini ile ilikusanya mwanga kwa kioo kipana kilichokaa chini, kilichopakwa utando mwembamba wa madini. Utando huo haushikwi hata kwa kidole. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano walilijua hilo, na kiangazi tulivaa masweta tukatoka nayo uwanjani.

Tulikuwa tukiliwinda kundi moja la nyota lililo pembezoni kabisa mwa galaksi yetu. Ni nyota maelfu kwa maelfu zimebanana duara, ila kwa umbali ule unaona doa la ukungu tu. Sekela, binti wa Tukuyu, mbishi kwelikweli, alilipata kabla yangu. Wenzake tukawapangia kuliona kesho yake.

Mkuu wa shule akapita, akainama, akachungulia.

"Madam, kifaa chako kina uchafu."

Nikamweleza kuwa ni nyota, nikamwomba aisogeze darubini kidogo aone kama huo uchafu utabaki palepale. Hakuigusa. Alisema amevaa miwani tangu ujana, uchafu wa kioo anaujua. Jamani!

Asubuhi, mimi nikiwa darasani, akawatoa wanafunzi waliochelewa paredi wakisugue kioo kwa waya wa sufuria na sabuni ya unga. Nilipofika, utando wote ulikuwa umekwenda na maji na Sekela analia. Mkuu alipochungulia usiku akakuta giza tupu, akaridhika. Nililalamika hadi wilayani, nikaambiwa nisikuze mambo.

Sasa nimestaafu, watu wananiambia nisamehe yaishe. Sijasamehe. Siku ya kuniaga mtu yuleyule alisimama mbele ya wageni, akajisifu kwamba tangu asimamie usafi wa vifaa, darubini haina doa hata moja. Nikaomba maiki.

"Lile doa lilikuwa nyota, Mkuu. Watoto wangu hawakuziona kwa sababu yako."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko na makofi, wakidhani Madam anatania kama kawaida yake. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, akaja kunikumbatia, eti utani wangu wataukosa sana.