Ripoti ya sifa iliyomponza Clive

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Beverley Cragg anapiga hodi kwenye mlango wa bluu mtaa wa Tanner, mjini Harclough, kisha anasubiri. Ufunguo anao mfukoni lakini hautumii.

"Hapa ni kwake," anasema huku akipuliza viganja kwa baridi. "Mimi ni mgeni tu, ila mgeni anayelipwa."

Ndani anasikika mtu akijikokota. Mlango unafunguka na Clive Holroyd anatokeza, miaka hamsini na mmoja, vifungo vya nguo yake ya kulalia vimekosana kuanzia juu hadi chini. Anamtazama mgeni wake kama bosi anavyomtazama kibarua mvivu.

"Umechelewa, Bev."

"Dakika mbili tu, bosi wangu. Basi limenigomea."

"Nakukata mshahara."

"Kata. Ukinikata sana nitahamia hapa, nikumalizie mkate wako."

Clive anacheka mpaka inabidi ajishike ukutani. Mguu wake wa kulia ni mgumu tangu utotoni, na mkono wa upande huohuo hauna nguvu. Alizaliwa na ulemavu wa akili, na mama yake alimlea peke yake hadi alipofariki. Baada ya msiba halmashauri ilimpa nyumba hii ndogo ya chini na mtu wa kumsaidia kuishi humo. Mtu huyo alikuwa Bev, na sasa ni mwaka wa kumi na moja.

Bev, mwenye miaka hamsini na tisa, ana saa moja na nusu. Ndani ya muda huo Clive anatakiwa awe ameoga, amevaa, amekula na amemeza vidonge. Ikifika saa mbili na dakika arobaini Bev anakuwa tayari kwenye basi kwenda kwa mteja mwingine upande wa pili wa kilima. Atakayerudi kwa Clive, Bev au mwenzake, atarudi saa kumi na mbili jioni. Katikati hapo kuna zaidi ya saa tisa, na kwa saa zote hizo Clive yuko peke yake.

Haikuwa hivi zamani. Hadi miaka miwili iliyopita Clive alikuwa na mtu wa kukaa naye kutwa nzima, na mwingine aliyelala chumba cha pili. Ukimwuliza Bev saa hizo zilikwenda wapi, hazungushi maneno.

"Nilizimaliza mimi," anasema. "Kwa kalamu yangu mwenyewe."

Bev ameajiriwa na shirika dogo la hisani lenye wafanyakazi ishirini na wawili, lililoanzia kwenye chumba cha nyuma ya kanisa. Analipwa pauni kumi na mbili na peni kadhaa kwa saa, na muda wa kwenye basi hauhesabiwi. Shirika lina desturi moja ambayo mkuu wake, Sheila Fawcett, anaishikilia kama dini: hakuna ripoti inayotoka mlangoni kabla anayeandikwa hajasomewa kwa sauti, akakubali, akatia saini. Clive alijifunza kuandika jina lake kwa ajili hiyo.

Kila baada ya miaka minne shirika huingia kwenye zabuni. Halmashauri ya Harclough hununua huduma za kusaidia watu kuishi majumbani mwao kama inavyonunua chumvi ya kumwaga barabarani siku za barafu. Inatangaza, wenye mashirika wanajaza fomu, fomu zinapewa alama. Bei ina alama sitini, ubora una arobaini. Mashirika makubwa yana watu wanaolipwa kuandika majibu tu. Sheila alikuwa na Bev.

Swali la nne lilitaka mfano wa mtu ambaye huduma imempunguzia uhitaji. Bev aliandika kurasa tatu juu ya Clive. Kwamba anavaa mwenyewe. Kwamba anatengeneza chai, anakwenda duka la mikate na kurudi na chenji kamili, analala hadi asubuhi bila kushtuka. Alipomsomea, Clive alimwomba arudie mara tatu pale kwenye duka la mikate.

"Huyo ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe, bosi. Nani mwingine?"

"Huyo jamaa ni hodari, Bev."

Akatia saini kwa herufi kubwa zilizovuka mstari.

Jibu lile lilipata alama za juu kuliko mengine yote na shirika likashinda. Ofisini walikata keki. Clive alipewa kipande cha kona, chenye sukari nyingi, na kila mtu akampa mkono.

Wiki sita baadaye ikaja barua. Ilikuwa ya adabu, na pengine ndiyo sababu iliwachoma zaidi. Halmashauri iliwapongeza kwa maendeleo ya bwana Holroyd kama walivyoyaeleza wenyewe, na kwa kuwa uhitaji wake umepungua, saa zake nazo zingepungua: tatu kwa siku, asubuhi na jioni, na msaidizi wa usiku asiwepo tena. Pengo lingezibwa na vifaa, yaani vyuma vya kushikia bafuni na kengele ya kuvaa shingoni.

Sheila aliisoma barua akiwa amesimama, akaketi. "Nibishe nini?" anakumbuka kumwambia Bev. "Karatasi ni yetu. Saini ni ya Clive."

Ambalo kurasa zile tatu hazikusema, kwa sababu hakuna aliyedhani linahitaji kusemwa, ni kwamba Clive aliyafanya yote hayo Bev akiwepo.

"Chai anatengeneza mimi nikiwa nimesimama pale kwenye friji," Bev anaeleza. "Sigusi kitu, sisemi kitu, nasimama tu. Nilikuwa naona hata aibu kulipwa kwa kusimama. Kumbe kule kusimama ndiyo kazi yenyewe."

Vyuma vya bafuni vilifungwa na fundi wa kampuni nyingine, iliyoshinda zabuni nyingine, inayolipwa kwa kila chuma. Fomu ilielekeza upande wa kulia, na fundi akafunga kulia. Mkono wa Clive wenye nguvu ni wa kushoto. Kuhamisha chuma kimoja kulihitaji fomu mpya na ukaguzi mpya. Mwandishi huyu ameishi Harclough miaka kumi na tisa na bado hajazoea mambo ya namna hii.

Novemba iliyofuata Clive alianza kukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango tangu adhuhuri, amevaa koti, akisubiri jioni ifike. Chai aliacha kabisa kutengeneza. Mkate ukawa unaota ukungu kwenye mfuko wake. Jioni moja Bev alipiga hodi bila kujibiwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akatumia ufunguo. Alimkuta kwenye sakafu ya bafu, midomo imebadilika rangi. Alikuwa pale tangu mchana, kengele inaning'inia shingoni, haijabonyezwa.

"Kwa nini hukubonyeza, jamani Clive?"

"Waliniambia nibonyeze kukiwa na dharura," Clive alimjibu. "Mimi nilianguka tu."

Bev anafika hapo kwenye masimulizi na machozi yanamtoka. Hayafuti. Anayaacha yashuke huku akikunja taulo.

Baada ya kuanguka kule halmashauri ilikubali kumpima Clive upya, na safari hii kulikuwa na jambo zito zaidi ya saa. Iwapo ingeonekana saa tatu hazimtoshi na kuongeza hakuwezekani, Clive angehamishiwa kwenye makao ya watu wengi, maili arobaini kutoka hapa, na mlango wa bluu ungepewa mtu mwingine. Ili kumwokoa, Bev alitakiwa aandike ripoti ya pili, inayoonyesha kwamba akiongezewa saa ataendelea kuishi kwake, na bila saa hizo hawezi. Neno lililobeba uzito wote lilikuwa hilo la mwisho.

Akaandika, na kwa desturi ya shirika ikambidi amsomee.

"Clive hawezi kutengeneza chai bila msaada," Bev alianza. "Clive hawezi kubaki peke yake kwa usalama."

Clive alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Nimekuudhi nini, Bev?"

"Hujaniudhi, kipenzi changu. Ni maneno ya ofisini tu."

"Yule hodari amekwenda wapi?"

Alikataa kutia saini. Ripoti ilipelekwa na saini ya Sheila peke yake.

Siku ya kupimwa, Clive aliamka mapema akavaa tai aliyopewa na mama mmoja wa kwaya ya kanisani aliyemzoea. Mtathmini wa halmashauri, binti mpole aitwaye Rosalind Meek, aliketi sebuleni na ripoti mbili mapajani. Bev alisimama palepale anaposimama siku zote. Hakufikiri. Miguu ilimpeleka yenyewe.

"Bwana Holroyd, unaweza kuniambia huwa unapataje chai?"

"Chai? We subiri uone, dada!"

Akainuka. Akajaza birika, akawasha, akasubiri lichemke, akamimina bila kudondosha hata tone. Akauliza sukari vijiko vingapi. Akaleta kikombe kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimi umebanwa kwenye meno. Kisha akamgeukia Bev kwa ushindi mtupu.

"Ona! Na Bev anasema siwezi. Bev ni mwongo huyu!"

Rosalind akacheka, akaweka alama kwenye fomu, halafu akamtazama Bev. Bev alijaribu kueleza habari ya kusimama kwenye friji, lakini alivyokuwa akisema alijisikia jinsi maneno yale yalivyokosa mahali pa kuandikwa.

Majibu yalikuja mwezi uliopita. Clive hahamishwi, kwa sasa. Saa ni zilezile tatu. Atapimwa tena mwakani, na akianguka kabla ya hapo kila kitu kinaanza upya, makao yakiwa juu ya orodha.

Bev aliwahi kujaribu kupita kwa Clive siku zake za mapumziko. Sheila alimwita, macho yake mwenyewe yakiwa mekundu, akamwonyesha kifungu cha mkataba: mfanyakazi haruhusiwi kumtembelea mteja nje ya saa zilizonunuliwa. Bima haimlindi. Wakikamatwa, shirika linapoteza zabuni, na watu thelathini wanapoteza wasaidizi wao.

Kwa hiyo Bev anaacha kazi, na siku yake ya mwisho ni tarehe thelathini. Amepata usafi wa shule, alfajiri hadi saa sita mchana, mshahara mdogo kuliko huu, na pensheni yake bado ina miaka minane. Kuanzia saa saba mchana atakuwa mtu wa kawaida wa Harclough, na mtu wa kawaida anaruhusiwa kumtembelea amtakaye. Anatumaini jioni za kiangazi watakwenda pamoja hadi duka la mikate.

Gharama yake ni kwamba asubuhi mlango utafunguliwa kwa mtu asiyemjua Clive.

"Nilimsifia mpaka nikamponza," anasema. "Sasa sina cha kuandika tena. Nitakwenda tu nikakae."

Alimwambia Clive Jumatatu, akimfunga kamba za viatu.

"Asubuhi atakuja dada mwingine. Mimi nitakuja mchana, tukae mpaka giza."

Clive alitazama viatu vyake.

"Huyo wa asubuhi naye atakaa?"

"Saa moja na nusu, bosi."

"Mwambie siwezi," Clive alisema. "Siwezi kuvaa, siwezi kula, siwezi kitu. Mwambie hivyo, Bev, ili akae."