Kitunguu Katika Samli

Wajukuu wangu wakinipeleka hotelini hunichagulia kiti cha pembeni kinachotazama ukuta, wakidhani bibi anataka utulivu. Nawakatalia. Mimi sili nikiwa nimeelekea ukuta, na wakiacha kunicheka siku moja nitawaeleza kwa nini.

Mara ya kwanza kuingia hotelini nilikuwa msichana mdogo, miaka michache baada ya vita vikubwa. Baba alikuwa amerudi kutoka Geita, alikochimba dhahabu chini ya ardhi, na alirudi na vitu viwili: kikohozi na majivuno. Kikohozi hatukukijali. Majivuno ndiyo yaliyotutoa kijijini kwetu Didia alfajiri, mimi na Mama nyuma yake, mpaka Shinyanga mjini, akatuketisha kwenye chumba chenye meza za mbao karibu na stesheni. Mwenye hoteli alikuwa mtu wa pwani, na alipikia uani. Baba aliagiza mchuzi wa nyama na chapati kwa watu watatu.

"Leo hakuna kufukizwa moshi," alimwambia Mama. "Leo wewe ni wa kuandaliwa."

Maskini, alisahau anaongea na nani. Kwetu wanaume walikula nje, kwenye moto wa uani tuliouita shikome, kila kaya ya jirani ikileta chakula chake. Wanawake walikula ndani na watoto. Tangu aolewe, Mama hakuwahi kutia tonge mdomoni mbele ya mumewe. Basi aligeuza kiti, akaelekea ukuta, akala akiwa ametupa mgongo. Watu wa meza nyingine walicheka, na Baba akainamia sahani yake. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwa Mama, nikamwona anavyolamba vidole. Sisi nyama tuliichemsha na chumvi, basi. Tulikuwa na samli ya kumwaga, na hakuna aliyewahi kufikiria kukaangia kitunguu.

Kabla hatujaondoka alipita uani kumuuliza yule mpishi amefanyaje.

"Kitunguu kwanza, mama," mpishi alisema. "Kikaange kwenye samli mpaka kiwe rangi ya udongo wa kichuguu. Kama una haraka, usikianze kabisa."

Mama hakuwa na haraka. Mwaka ule tulikula vizuri kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Alikaanga kitunguu chake, akatia nyama, nyanya na bizari kidogo, akaacha vichemke taratibu huku mate yakinijaa. Shikome yetu ilijaa watu kabla jua halijazama. Kulikuwa na jirani mmoja aliyekuja kila jioni akitafuta ndama aliyepotea, na ndama mwenyewe alikuwa ni yuleyule. Baba alimega tonge na kusema hayo ni mapishi ya hotelini, kana kwamba amepika yeye.

Kisha kikohozi kikakataa kuondoka. Baba akawa anakohoa ameshika mbavu, anatema kwenye majivu na kuyafunika kwa mguu. Leo wanasema ni vumbi la mawe. Wakati ule kikohozi kirefu kilikuwa kifua kikuu tu, na watu walikiogopa kuliko simba. Wanaume wakaacha kuja. Hakuna aliyesema neno; ndama tu ndiye hakupotea tena. Walihamia shikome ya jirani, karibu kiasi kwamba tuliwasikia wakicheka.

Baba akaacha kula. Kwetu mwanamume anayekula peke yake alihesabiwa mchoyo, au mchawi, na Baba hakutaka kuwa yeyote kati ya hao. Alinawa, akangoja, akatazama njia mpaka ugali ukapoa. Kaka zangu wawili walikuwa wamezikwa wachanga, kwa hiyo hapakuwa na mwana wa kuketi naye. Mwishowe aliniita niondoe sahani.

"Nimeshiba," alisema. Mkanda wake wa mgodini alikuwa ameshautoboa matundu mapya.

Mama alielewa vibaya. Alidhani watu wamechoshwa na nsansa, yale majani makavu ya kunde tuliyoyala kiangazi nyama ilipoadimika. Akaanza kuchinja kuku wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka jogoo akabaki mjane. Akahamishia mafiga nje, upande unaotoka upepo, ili harufu ya kitunguu iwafikie walipokaa. Iliwafikia. Niliwaona wakipita njiani shingo zimenyooka, pua zikiwacheza, wasigeuke. Niliwachukia. Bado nawachukia, na wote wameshakufa.

Siku aliyochinjwa jogoo, Mama alipeleka chakula mwenyewe. Baba aliangalia njia.

"Wageni wako wapi?"

"Wamefika," Mama alisema.

Akamnawisha, akanawa na yeye, akaketi chini mbele yake, uso kwa uso, mchana kweupe. Akamega ugali, akachovya, akatia mdomoni. Jirani wa ndama alikuwa anapita, akasimama akiwa ameduwaa. Mama akaendelea kutafuna, macho yake kwa mumewe. Baba akanyoosha mkono, akamega na yeye.

"Chumvi imezidi," alisema, akamega tena.

Tangu siku hiyo walikula pamoja kila jioni. Baba aliishi mpaka mvua za kwanza, na hakufa na njaa. Hilo nalishukuru hadi leo.

Msibani walikuja wote. Ng'ombe alichinjwa, na shikome yetu ikajaa tena, wamekaa palepale walipokuwa wakikaa. Wanawake wa jirani ndio waliopika. Mmoja wao aliingia ndani tulipokuwa tumekaa na Mama mkekani.

"Mayu, mama yetu, tuonyeshe samli na vitunguu viliko," alisema kwa upole. "Wanaume wanaulizia ule mchuzi wako."

Samli ilikuwa nyuma yetu, kibuyu kizima. Mama hakugeuka.

"Wachemshieni na chumvi," alisema.