Mkwe Aliyesubiri Nyuma ya Mlango

Baada ya kupasuliwa tezi dume nililala chumbani kwetu Kolwezi na mpira wa mkojo mwilini, dunia ikipita dirishani bila haraka. Pazia lilikuwa jembamba. Mwanga uliingia na vumbi lake jekundu, nikasinzia, nikaamka, nisijue ni asubuhi au alasiri. Mpira uliteremka kando ya kitanda hadi kwenye mfuko, na mke wangu akaushonea mfuko ule kifuniko cha kitenge ili wageni wasiuone. Wageni wenyewe hawakuja. Kila mtu alikuwa na yake.

Niliota sana bwawa la Nzilo. Maji ya mto Lualaba yalijaa kimya nyuma ya ukuta, nami nikitembea juu ya ukuta bila viatu, nikiona raha. Nikiamka nilisikia watu wakipita barabarani kuelekea stesheni, wamejitwika magodoro. Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wameambiwa waondoke. Mgodi ulikuwa umesimama, mishahara nayo, na mji ulitafuta wa kumlaumu.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Kasai hakuwahi kukanyaga. Alikuwa muuguzi. Na kwetu mkwe haoni mwili wa baba mkwe, hata kula mbele yangu hakuthubutu. Alinisalimia kwa kuchutama mlangoni, akipiga makofi polepole, macho chini. Basi aliniuguza akiwa barazani: alimwelekeza mke wangu kupitia dirishani namna ya kumwaga mfuko na kuosha mpira, nami nimelala katikati yao kama gunia la unga. Nilikasirika, kisha nikacheka hadi kidonda kikauma.

Asubuhi ya safari yake na binti yangu, mpira ulikuwa umefikia wakati wa kutolewa. Hospitali ikatujibu kwamba hakuna wa kuutoa. Wauguzi wengi, wa asili ya Kasai nao, walikuwa stesheni na familia zao, wakisubiri treni. Mke wangu aliogopa kuugusa, kwa sababu ndani ulishikiliwa na puto dogo lililojaa maji, na kuuvuta hivi hivi kungenichana. Kuuacha kungeniletea homa mbaya.

Mkwe wangu akaingia. Hakupiga makofi. Alinawa mikono, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu.

"Tata, leo mi siko mukwe," akasema, akiniita baba. "Leo mi niko munganga tu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Aliyanyonya maji ya puto kwa bomba la sindano, akaniambia nivute pumzi, na mpira ukateleza nje. Akanifunika shuka upesi, akageukia ukuta.

"Nitangoya inje ya mulango. Nikisikia mukojo inatoka muzuri, njo tutaenda."

Akatoka. Binti yangu alikuwa barazani, amekaa juu ya mizigo yao. Hapo nikaelewa: nikikojoa, wanaondoka. Nikanywa maji kama nilivyoagizwa, kikombe baada ya kikombe, na nikabana. Mtu mzima, babu wa watu, nimebana mkojo ili mwanangu asiende. Mwanga ukasogea juu ya pazia, nami, macho wazi, nikauona tena ule ukuta wa Nzilo na maji yakipanda.

Nilijua wakikosa treni, vijana wa mtaa waliokuwa wakiwafukuza watu wa Kasai wangewafuata humu ndani, na mimi sikuweza hata kusimama vizuri.

Honi ya treni ikalia mbali. Nyuma ya mlango mkwe wangu hakusogea, wala hakuniharakisha. Angenisubiri hadi treni imwache. Nikaivuta ndoo iliyokuwa kando ya kitanda, nikaachia.

Uliunguza, lakini ulitoka, na sauti yake ikajaa chumba kizima. Nje nikasikia makofi, polepole, kama ya kila siku. Alikuwa amerudi kuwa mkwe.

"Mubakie muzuri, tata."

Binti yangu naye akaniaga kutoka huko huko, maana binti hakuweza kuingia baba yake akiwa juu ya ndoo. Nililia huku mkojo ukiendelea kutoka, na sikuweza tena kuuzuia.