Mwalimu Mfupa na Somo la Kuongea

Wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Mfupa, naye alilijua na hakulikataa. Alikuwa daktari, lakini karibu maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye chuo cha udaktari akifundisha anatomia, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Alizunguka darasani mikono nyuma, kisha ghafla: "Wewe! Bandama iko wapi?" Ukibabaika, umekwisha.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha walimu. Mratibu wa mtaala, mwanamama aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alipendekeza saa za anatomia zipunguzwe kidogo ili liingie somo jipya: namna ya kuzungumza na mgonjwa. Wanafunzi wangefanya mazoezi ya kumpa mtu habari mbaya.

Kabla hajamaliza, Mwalimu Mfupa alishadakia.

"Tunafungua chuo cha maigizo? Mgonjwa anataka daktari anayejua ini liko wapi. Huruma mtu anatoka nayo kwao!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kura zikapigwa, somo likatupwa. Mratibu alikusanya makaratasi yake bila kuinua macho.

Baadaye mkewe Mwalimu, fundi cherehani aliyewashonea watu nusu ya mtaa, akaanza kulalamika tumbo. Akakonda, macho yakawa ya manjano. Hospitalini walipangiwa daktari kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi bora wa Mwalimu kuliko wote, na mzee akashusha pumzi: tuko kwenye mikono salama.

Majibu waliyapatia kwenye korido. Mama amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Mumewe anapima sakafu kwa hatua kati ya dirisha na mlango. Kijana akatoka mbiombio na picha za vipimo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Enhe?"

"Uvimbe uko kwenye kichwa cha kongosho, umeshazunguka mishipa mikubwa, na ini lina madoa. Upasuaji hautafaa."

Akamtazama Mwalimu kama anayesubiri maksi. Na kila neno lilikuwa sahihi.

Mama alimvuta mumewe shati. "Anasema nini huyu mtoto? Nina nini?"

Mwalimu alimchukulia mkoba. "Twende nyumbani," ndiyo aliyoweza.

Njiani alijaribu, akaishia kuongelea ubovu wa barabara. Nyumbani alichemsha chai ambayo hakuna aliyeinywa, akafungua dirisha, akalifunga, akatoka uani, akarudi. Mkewe alimfuata kwa macho hadi akachoka.

"Baba watoto, unanitia kizunguzungu. Kaa chini. Nakufa?"

Akakaa. "Kongosho ni kiungo kilichoko nyuma ya..."

"Sikukuuliza iko wapi."

"Ndiyo," alisema. Walilia wote wawili, yeye kwa kwikwi, mkewe kimya kimya.

Kesho yake alikwenda ofisini kwa mratibu. "Lirudishe somo lako. Chukua saa zangu."

"Mwalimu, siku ile walikufuata wewe," mratibu alimjibu. "Sijui kama leo watakufuata."

Hawakumfuata. Kwenye kikao wenzake walewale walimsikiliza kwa upole wa msibani, kisha mkuu wa upasuaji akasema, "Pole sana na mgonjwa, ndugu yangu. Lakini uchungu wa nyumbani kwako tusiugeuze mtaala." Walichomtupia ni somo la hiari, jioni, lisilo na maksi, kwenye chumba cha mifupa.

Mratibu alitafuta mtu wa kuigiza mgonjwa, akamkosa.

"Kuigiza kwa nini?" Mama aliuliza mumewe alipomsimulia. "Mimi si nipo?"

Mumewe alifoka, akagoma, akasihi. Mama akavaa gauni aliloshona mwenyewe, akatangulia mlangoni.

Darasani, msichana wa kwanza alianza, "Mama, vipimo vinaonyesha..."

"Unaviambia viatu vyangu. Nitazame mimi. Na vuta kiti, mbona kama unakimbia?"

Wa pili alimhakikishia atapona kabisa.

"Usinidanganye, mwanangu. Nina nguo za watu pale, nataka kujua nianze kumalizia zipi."

Wanafunzi walicheka, kisha wakashtuka kwamba wamecheka.

Jioni moja daktari kijana naye akaja, bado na koti lake jeupe. Wengine walipotoka alimsogelea Mama. "Siku ile nilikueleza vibaya."

"Mimi hukunieleza kabisa. Ulimweleza mwalimu wako. Haya, nieleze mimi."

Akavuta kiti, akamweleza, polepole, na Mama akauliza yote aliyokuwa nayo moyoni.

Mama alifariki nyumbani, muhula ukiwa haujaisha. Somo bado ni la hiari, ingawa siku hizi usipowahi kiti utasimama. Kila mwaka Mwalimu na mratibu wanaliombea maksi, na kila mwaka kikao kinaahirisha. Mwalimu alishastaafu, lakini kutulia hawezi. Juzi alimvizia mkuu wa upasuaji kwenye maegesho ya magari, wakabishana mpaka mlinzi akasogea kuuliza kama kuna amani.