Kiganja Kwenye Boneti

Mkono wa mume wangu niliuona tena kwenye boneti ya motokaa yake, miezi mitano baada ya kumzika. Ilikuwa alfajiri ya Juni, hapa kijijini kwetu Ruanda, ukungu umelala mpaka ndani ya mibuni, nami natoka jikoni kwenda kuchukua kuni. Umande ulikuwa umeifunika motokaa yote kwa vitone vidogo vyeupe, isipokuwa mahali pamoja juu ya boneti, upande wa kushoto. Pale palikuwa na kiganja. Vidole vinne vilikuwa vizima, na kile kinachofuata gumba kilikuwa kifupi. Mume wangu alikatika kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka. Nikakaa chini kwenye majani yenye maji.

Jua lilipotoka kiganja kilififia, na boneti ikabaki nyeusi tupu.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba siku iliyotangulia nilikuwa nimeiosha motokaa ile mwenyewe. Katika ukoo wa mume wangu, siku ya kumaliza msiba vitu vya marehemu huoshwa kwanza na mjane, ndipo vigawiwe. Jembe, kigoda, nguo, vyote vinasuguliwa mpaka mkono wa mwenyewe utoke. Vikishatoka safi, mjane naye anavua kaniki na kurudi shambani. Motokaa ilikuwa iende kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Shangazi yao, mama mtu mzima aliyetoka Ndalambo kuja kusimamia shughuli, aliniletea vifaa vya kazi: majivu, mchanga wa mtoni, dodoki na magunzi ya mahindi.

"Shangazi, hivyo ni vya masufuria," nilimwambia.

"Mke wetu, marehemu alilishika jembe kwa mkono, na gari alilishika kwa mkono uleule. Sugua."

Sikusugua. Shangazi hakujua niliyopitia kwa ajili ya rangi ile. Mume wangu alikuwa mpole kwa watu na mkali kwa vitambaa. Mara ya kwanza kuiosha motokaa nilichukua dodoki, naye akaninyang'anya na kulitupa juu ya paa, tukanuniana siku mbili nzima. Baadaye alinifundisha. Kwanza maji matupu, mengi, yateremshe vumbi, kwa sababu kinachokwaruza rangi si kitambaa, ni vumbi lililojificha ndani yake. Kisha madebe mawili, moja la povu, jingine la kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye povu. Kitambaa chenyewe kiwe fulana kuukuu ya pamba, iliyokatwa vifungo na mishono. Uanze paani ushuke chini, na magurudumu yawe na tambara lao. Kukausha ni kwa ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Na kitambaa kikishaanguka chini, hicho basi tena, hata kama kimeangukia majani. Nilimwona mwendawazimu. Lakini watu walipojitazama kwenye milango ya motokaa ile wakachana nywele, nilijivuna kuliko yeye.

Kwa hiyo niliiosha kwa njia yake, shangazi akinitazama kwa midomo iliyobinuka. Tangu msiba motokaa ilikuwa imelala bandani. Lakini banda lilikuwa limejaa kuni na vyungu vya shughuli, tukaisukuma nje, ikalala uani. Ndiyo maana umande uliipata usiku ule kwa mara ya kwanza.

Asubuhi ya pili shangazi aliuona mkono mwenyewe. Aliinama, akahesabu vidole kimoja kimoja, akafika kwenye kile kifupi, akajifunga khanga upya.

"Hajaachia," alisema. "Osha tena."

Nikaosha tena, madebe mawili, fulana, ngozi ya kondoo. Shemeji alisimama mbali, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa barazani. Alikuwa ameitamani motokaa ile tangu ilipofika. Sasa alikuwa akizungukia nyuma ya nyumba ili asipite mbele ya taa zake.

Asubuhi ya tatu niliamka kabla yao. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliiona boneti kabla ya kuiona motokaa yenyewe. Kiganja kilikuwepo, wazi kuliko jana, mpaka mistari ya ndani ilionekana. Nikaweka changu juu yake. Bati lote lilikuwa na baridi ya kuuma, lakini pale palikuwa na uvuguvugu, na injini ilikuwa haijawashwa tangu tulipozika. Sina maelezo ya jambo hilo na siyatafuti. Nilisimama hivyo mpaka nikasikia shangazi akikohoa ndani.

Hapa niseme ukweli ambao sikuwaambia wao. Kile kiganja nilijua kimetoka wapi. Mikono ya mume wangu ilipasuka migodini, na kila asubuhi aliipaka mafuta ya nyonyo. Kisha aliwasha injini, akaweka mkono wa kushoto juu ya boneti, mahali palepale, akasikiliza ikichemka. Miaka minne. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye rangi, na sabuni laini haiyawezi. Dawa yake pia niliijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha: mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, unapangusa polepole bila kukwaruza. Niliijua tangu asubuhi ya kwanza, nikanyamaza. Acha waseme hajaachia. Mimi ndiye sikutaka aachie. Ningevaa kaniki mwaka mzima, kahawa ianguke na kuozea chini, mradi kila alfajiri nimkute pale.

Asubuhi ya nne nilichelewa. Nilipotoka shangazi alikuwa amepiga magoti mbele ya motokaa, majivu mpaka kwenye viwiko, gunzi mkononi. Alikuwa ameshamwaga mchanga kwenye boneti.

"Mwanangu anateseka," alisema. "Mtu hawezi kukaa nje na baridi hii akishikilia bati. Wewe unaihurumia rangi, mimi namhurumia yeye."

Sikuwa nimefikiri hivyo hata mara moja. Nilikuwa nimefikiri juu yangu tu. Yeye alimwona kijana wake amesimama kwenye ukungu siku nne, hana pa kwenda, na alikuwa tayari kusugua mpaka kucha zimtoke ili amwachie njia. Nilimshika mkono kabla gunzi halijagusa.

"Niachie mimi, shangazi."

Nikauteremsha mchanga kwa maji. Kiganja kilirudi kuonekana, kwa sababu maji yalikikimbia. Nikaingia ndani, nikamimina mafuta ya taa kutoka kwenye fanusi, nikatoka na pamba. Nilianza na gumba. Nilipangusa kidole kimoja kimoja, nikilia, wala sikujificha. Kile kifupi nilikiacha mwisho. Kisha sabuni, maji, na ngozi ya kondoo.

Asubuhi ya tano umande uliifunika boneti yote sawasawa. Shangazi alinivua kaniki mwenyewe. Shemeji aliwasha injini, akampandisha shangazi mbele, wakaondoka kuelekea barabara kuu.

Kabla hawajaondoka nilikuwa nimeinama nikaikagua rangi, upande kwa upande, kama mume wangu alivyokuwa akinikagulia kazi. Hapakuwa na alama hata moja. Siku hizi huwa natamani ningemwachia shangazi lile gunzi avute mara moja tu. Ungebaki mkwaruzo mmoja kwenye rangi ile, nami, kila shemeji anapopita nayo, ningekuwa na mahali pa kuweka mkono wangu.